Pasi Kando ya Mto

Haya nimesimuliwa na binti wa mdogo wangu, fundi cherehani, Jumapili iliyopita alipokuja kunikata kucha. Hakutulia. Anakata moja, ananyanyuka, anausukuma mlango wangu kuona kama komeo limeshika, ndipo anarudi kukaa.

Anaishi na mumewe na wakwe zake, na sebule ndiyo kiwanda chake. Shida ilikuwa mama mkwe. Fundi akienda kunywa maji, akirudi anakuta pasi imechomolewa. Akiichomeka, inachomolewa tena. Hata wakienda sokoni, wakifika kona tu, mama anageuka.

"Turudi tukaiangalie."

"Mama, tumeshaiangalia."

"Tuliangalia, ndiyo. Lakini tuliona?"

Mumewe akawa anasema, "Uzee huo, mke wangu. Mvumilie."

Akavumilia mpaka Ijumaa. Siku hiyo alikuwa anamalizia gauni la bibi harusi. Alitoka mlangoni kupokea vifungo, na huku nyuma mama, kwa papara ya kuiondoa pasi mbele ya macho yake, akaichomoa ikingali moto na kuifunika kwa nguo iliyokuwa karibu. Nguo yenyewe ndiyo gauni. Harufu ndiyo iliyomwita fundi ndani. Ubavuni pa gauni pamebaki umbo la pasi, kahawia, halijakosea hata pembe.

Jioni mume akaamua: kesho mama ahamie kwa kaka mkubwa.

Asubuhi mama akaanza kukunja nguo zake. Mume akatoka kutafuta gari. Fundi amekaa na gauni mapajani, bado ana hasira, na baba mkwe kajinyoosha mkekani anakoroma.

"Baba." Akamtikisa. "Wewe na mama ni rika moja. Mbona uzee wako wewe unalala?"

Mzee akafumbua jicho moja. "Nani kakwambia ni uzee? Chumba chetu kilipoungua mwenzangu alikuwa mdogo kuliko wewe. Alisahau pasi. Akatoka na huyo mumeo mgongoni, nywele zimemwungua. Mimi nilikuwa safarini, nikaja kukuta majivu yamepoa. Ndiyo maana nalala."

"Hajawahi kuniambia."

"Na wewe umemwambia nani kwa nini unasukumasukuma komeo kila usiku? Tunakusikia, ujue. Tulidhani unamfungia mumeo."

Fundi hakucheka. Wezi waliwaingilia kwao akiwa mtoto mdogo. Mimi najua, mumewe hajui.

Akaingia chumbani, akauchukua mfuko mikononi mwa mama.

"Huendi popote."

"Na gauni la watu?"

"Kitambaa kimebaki. Nakitoa kipande kile, nashona kingine, na bibi harusi nitamweleza mwenyewe."

Kisha akaileta pasi, imepoa, waya umezungushwa, akaiweka kitandani kando ya mto wa mama. "Kuanzia leo nikimaliza kazi italala hapa, kwako."

Mama akaipapasa chini kwa kiganja, akaipapasa tena. "Imepoa."

"Imepoa, mama."

Mume aliporudi na gari, akamkuta mama yake amelala mchana kweupe, mkono juu ya pasi. Alipofungua mdomo, mkewe akamwonyesha mlango.

"Sasa na wewe mwambie mumeo habari ya komeo," nikamwambia.

"Nitamwambia, mama mkubwa." Macho yakamrudi mlangoni.

"Kaa. Leo nasukuma mimi."

Nikainuka, nikalisukuma komeo kwa nguvu alisikie, nikalisukuma tena. Nilipogeuka, mkono wangu wa kushoto bado una kucha zote, na mkataji ameegemea ukuta, mkasi mapajani, amelala.