Nilimwangalia Mama

Siku mdogo wake alipomletea kitabu, dobi wa hospitali alikuwa amelowa hadi viwikoni, anatoa mashuka kwenye mashine. Alijifuta mikono kwenye aproni, akakipokea kwa ncha za vidole kama mtu anayepokezwa mtoto mchanga wa watu. Jina la mdogo wake lilikuwa juu, kwa herufi kubwa. Nyumbani walimwita Profesa tangu alipovishwa miwani akiwa darasa la pili, na sasa alikuwa mwalimu wa sekondari kweli.

"Ni riwaya," alisema. "Ya mama."

"Mama yetu?"

"Mama tu, dada. Soma polepole." Aliondoka kabla hajaulizwa hata habari za watoto.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja: "Kwa dada yangu. Tulimwangalia mama pamoja."

Dobi alikisoma wakati wa mapumziko ya mchana, kwenye chumba cha kupigia pasi, tena kwa sauti, maana Mama Pacha, mwenzake wa zamu, hakuona vizuri maandishi madogo na hakupenda kupitwa. Mama Pacha aliusikia mstari ule, akaguna.

"Pamoja na nani? Mimi nilikuwa nakuona unakimbia kila siku saa sita mchana kwenda kumgeuza mama yako, unarudi jasho linakuchuruzika. Huyo nilikuwa namsikia tu."

"Alikuwa anakuja Jumamosi."

"Haya. Jumamosi."

Mama yao alipopata kiharusi, dobi ndiye aliyemwogesha, akamgeuza asipate vidonda, akamlisha kwa kijiko cha chai huku kichwa kimeinuliwa kwa mito mitatu, maana koo lilikuwa limelegea na hata maji yangeweza kumpalia. Mama hakuweza kusema, wala kuinua mkono wa kulia. Kwenye stuli, upande wa kushoto, aliwekewa kengele ndogo. Akitaka kitu, anaigonga. Jumamosi alasiri Profesa alikuja ili dada apate kwenda sokoni. "Mwangalie mama," dada alimwambia kila mara akiwa mlangoni, akaenda zake.

Jumamosi moja alirudi, akakuta mama amefariki. Profesa alikuwa amesimama uani. "Alilala tu," alisema. "Hakuamka." Watu walisema kifo cha namna hiyo ni cha kumwomba Mungu, na dobi alijifariji nacho miaka sita.

Kitabu chenyewe kilikuwa kitamu, hilo halina ubishi. Katika sura za mwanzo mama alikuwa bado kijana, opereta wa simu, mwenye mdomo mkali. "Angalia, utaungua." "Angalia magari." Mtoto akipata surua, mama anakesha anamwangalia. Baba akichelewa kurudi, mama anamwangalia tu bila neno, na baba anajipeleka mwenyewe kwenye kochi. Mama Pacha alicheka mpaka akaisahau pasi juu ya foronya.

"Mdogo wako ni mvivu wa maneno," alisema, huku akiitazama alama ya kuungua. "Neno moja analifanyisha kazi za watu watano."

"Ndivyo mama alivyokuwa anasema. Kwake kila kitu kilikuwa angalia."

Siku ya tano walifika sura ya kumi na moja. Mama wa kitabuni yuko kitandani, mgonjwa. Dada ametoka. Mwana amebaki na daftari lake, anaandika, na sentensi zinamjia vizuri. Mama anagonga kengele, mwana anamgeuza. Anagonga tena, anampa maji akiwa amelala chali, anarudi kwenye daftari. Anagonga mara ya tatu. Mwana anainuka, anaichukua kengele, anaiweka juu ya kabati.

Dobi aliacha kusoma.

"Endelea basi," Mama Pacha alisema.

"Ngoja."

Jumamosi ile mama alipofariki, yeye mwenyewe aliikuta kengele juu ya kabati. Hakumwambia mtu. Alidhani mdogo wake aliiondoa pale kwenye stuli baadaye, alipokuwa anatandika kitanda.

Aliendelea kimyakimya, midomo tu ikicheza. Maji yalikuwa yamempalia mama. Alikohoa, kisha kikohozi kikakatika na mdomo ukabaki wazi. Mkono wa kushoto ulipapasa stuli, ukakuta patupu, ukapapasa tena. Mwana alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kitandani. "Nilimwangalia," kitabu kilisema. "Nilimwangalia mpaka mkono ukatulia." Rangi ya kucha ilivyobadilika, ameieleza. Nzi aliyetua kwenye ukingo wa glasi, naye amemweleza.

Mama Pacha aliiweka pasi kando. Alikitoa kitabu mikononi mwake, akakifunga, akapiga pasi mashuka ya wodi nzima peke yake.

Jumapili dobi alikwenda kwa Profesa. Wifi yake alifungua mlango, akamwona uso, akawachukua watoto akatoka nao.

"Kengele," dobi alisema.

"Ni riwaya, dada. Mtu anachukua hiki, anaongeza kile..."

"Niliikuta juu ya kabati."

Profesa alivua miwani, akaishika mapajani. "Miguu ilikataa. Nilijua la kufanya, ulinionyesha mara ngapi. Miguu ikakataa. Na kulikuwa na kitu ndani yangu kinaniambia, tazama vizuri, hutaona tena kitu kama hiki."

"Ukaangalia."

"Uliniambia nimwangalie." Hakusema kwa ujeuri. Kisha akasikia mwenyewe alichosema, akajiziba mdomo.

"Na yeye alikuwa anaangalia wapi? Hilo hukuliandika."

Profesa alirudisha miwani usoni.

"Alikuwa ananiangalia mimi," alisema.

Dobi aliinamisha kichwa. Akauliza tu kwa nini hakumwambia kwa mdomo.

"Nilijaribu. Kila nikija unanipa kiti kizuri, unanishukuru kwa zile Jumamosi."

Wiki ile dobi alimalizia kusoma sura zilizobaki akiwa peke yake. Katika sura ya mwisho dada wa kitabuni anasimama jikoni, anamkumbatia mdogo wake, anamwambia yamekwisha. Dobi aliusoma ukurasa ule mara mbili, akapiga simu.

"Umeniandika nimekusamehe."

"Ndiyo."

"Mimi sijasema hivyo."

"Najua, dada."

Kitabu kilisifiwa. Gazeti moja liliandika kwamba mwandishi huyu ana jicho kali. Profesa bado huja Jumapili moja moja, na dobi humpa chai, kwa kuwa ni mdogo wake na hana mwingine. Huzungumza habari za watoto na za bati linalovuja. Mwaka jana, dobi alipofanyiwa upasuaji wa goti, daktari alimwambia asiachwe peke yake siku mbili za kwanza. Profesa aliomba ruhusa shuleni, akaja na begi lake mpaka mlangoni. Dobi alimshukuru, akamwambia asijisumbue, Mama Pacha yuko njiani.