Kipande cha Kumi na Nne

Ujumbe wa Deodata uliingia saa nne asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari. Deodata ni mwenzangu wa kwaya. Aliandika: "Mwalimu Melania, kumbe ni Febronia? Na sisi tunakunywaga kwake!"

Niliusoma mara mbili.

Kwa miezi mitano nilikuwa najifunza peke yangu, kwa simu, kuandika hadithi ya kuchagua: msomaji anabonyeza maneno, na hadithi inaelekea anakotaka yeye. Yangu ilikuwa na vipande kumi na vinane. Kila kipande nilikiandika kwanza kwenye daftari, nikachora mishale kuonyesha kinakoelekea. Msomaji ni mgeni anayekaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mwenyeji ambaye haonji kwanza. Hapa Mugoma mwenyeji huonja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hamna sumu. Sasa huyu anywe au akatae? Hadithi inaanzia hapo.

Nilipokuwa naandika, niliwapa wahusika majina ya majirani ili nisiwachanganye. Yule mwenyeji muuaji nilimwita Febronia. Baadaye nilipita kipande kwa kipande nikibadilisha majina, halafu nikaicheza hadithi mara nyingi kuihakiki. Lakini kila nilipoicheza, nilikunywa. Nimelelewa hivyo, kibuyu cha mwenye nyumba hakikataliwi mbele ya macho yake. Sikuwahi kubonyeza neno "Kataa". Na kipande cha kumi na nne hukifikia anayekataa tu.

Nilikifungua. "Febronia alicheka polepole. Wa kwanza kunywa alikuwa mumewe, akazikwa nyuma ya migomba."

Mume wa Febronia alifariki kweli, mwaka juzi, kwa ugonjwa wa tumbo. Sikuwa nimemfikiria nilipoandika. Au labda nilimfikiria, sijui.

Hadithi nilikuwa nimeituma Jumapili katika kundi la jumuiya, lenye watu arobaini na mmoja. Kuna mwanamke wa bondeni aliyehama na watoto wake na kuku wawili baada ya kusingiziwa sumu kwa neno dogo kuliko hilo. Wiki iliyofuata nyumba yake iliteketea.

Siku hiyo majirani walikuwa wanampalilia Febronia maharage, naye alikuwa ameandaa rubisi ya kuwashukuru. Nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, nikaenda mbiombio.

Nilikuta majembe yamelala. Watu kama kumi walisimama kando ya migomba, kibuyu kikiwa katikati yao, kimejaa. Febronia alikuwa ameshika mrija wa kunywea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu waambie hawa. Nimeonja mara tatu. Mara tatu! Wanataka nilewe peke yangu?"

Watu walinigeukia mimi.

"Mwalimu huyo amefika," alisema Derick, dereva wa bodaboda. "Muulizeni mwenyewe. Mwalimu haandiki uongo."

"Ni hadithi tu," nilisema. "Nimeitunga. Jina nilisahau kulifuta."

"Na mume?" Aliyeuliza ni mzee Bukuru, kaka wa marehemu. Hakupaza sauti. "Mume naye umemtunga?"

"Nimemtunga, mzee."

"Majina yote ya Mugoma, ukaona la huyu."

"Ni jirani yangu. Ndilo lililonijia."

"La kwako halikukujia?"

"Mume gani?" aliuliza Febronia.

Ndipo nilipoelewa. Febronia hana simu ya kufungulia hadithi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kilichoandikwa. Asubuhi nzima alikuwa anaonja bila kujua anajibu nini.

"Msomee," alisema Bukuru.

Nilifikiria kuruka mstari. Lakini Derick alikuwa ameifungua kwenye simu yake na kidole chake kilikuwa juu ya mstari huo, kinanisubiri. Nilisoma yote. Febronia alishuka taratibu hadi akakaa kwenye udongo, mrija ukiwa bado mkononi.

"Nilimuuguza miezi minne," alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

"Weka lako," Bukuru aliniambia. "Hapo hapo palipo na lake. Na uwatumie wote waliosoma."

Nilikosea kuliandika mara mbili. Mume wangu Yohanes yuko Biharamulo kikazi, mzima kabisa. Niliisoma sentensi upya: Melania alicheka polepole, wa kwanza kunywa alikuwa mumewe. Ilikaa vizuri mno, kama vile iliandikwa hivyo tangu mwanzo. Chini yake niliongeza kwamba jina la kwanza lilikuwa kosa langu, nikatuma.

Simu ya Derick ililia. Ya mama mmoja nyuma yake pia. Walisoma, wakainua macho, wakanitazama mimi.

Bukuru alimnyanyua shemeji yake, akauchukua mrija, akanywa kwa muda mrefu. Akampa aliyekuwa kulia kwake. Ulizunguka mkono hadi mkono, na mtu mmoja akatania kwamba rubisi imechacha kwa kusubiri. Nilipumua.

Febronia aliufuta mrija kwa ncha ya kitenge, akanipa mimi.

"Kunywa, mwalimu. Sasa tuko wawili."

Nilikunywa. Kisha nikamnyooshea Derick, aliyekuwa anafuata. Aliutazama mrija, akaiweka mikono yake nyuma.

"Mimi nimetosheka, mwalimu," alisema. Alikuwa bado hajanywa.