Nyumba ya Pili Msituni

Bomba la kupashia chumba joto liligonga ukutani mara tatu, likatulia, kisha likagonga tena. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu moja ya Septemba mwaka 2003, na Zipporah alikuwa macho kitambo. Alilala chali akimfikiria mkwe wake, Eddie, ambaye saa hiyo alikuwa bado anapakua makasha kwenye ghala huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, asijue kwamba kuna bibi kizee huko Harrow, upande mwingine wa London, aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Mambo yalianza jana yake, baada ya kanisa. Mwanawe wa kwanza, Jotham, aliwakusanya wote sebuleni kwake, akatoa kijitabu chenye picha za rangi. Msitu wa misonobari, nyumba za mbao katikati ya miti, watoto juu ya baiskeli, bwawa la kuogelea chini ya paa la kioo. Kilikuwa kijiji cha likizo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka London. Jotham alikuwa ameshaweka nafasi: siku nne mwezi wa Oktoba, shule zikiwa zimefungwa, watu kumi na wawili.

"Nyumba moja kubwa," alisema akiigonga picha kwa kidole. "Vitanda kumi na viwili. Familia nzima chini ya paa moja. Mama, mara ya mwisho sisi kulala pamoja ilikuwa lini?"

Watoto walipiga makofi. Priscilla, mke wa Jotham, akaanza kuuliza habari za sufuria. Maureen peke yake, binti wa Zipporah, ndiye aliyenyamaza. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama Eddie mumewe, aliyekuwa ameketi mbali karibu na mlango, kama alivyoketi siku zote mama mkwe wake alipokuwepo. Eddie alikuwa anatazama viatu vyake.

"Jotham," Zipporah akasema polepole, akimwita Eddie kwa jina la mtoto wake, "mimi na Baba Beryl tulale nyumba moja?"

Kwao Maragoli, magharibi mwa Kenya, na kwao Eddie kule Bunyore, mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawaketi kochi moja. Huo haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na wawili hao walikuwa wamepeana heshima hiyo kwa miaka kumi na miwili, hapa hapa London, bila kukosea hata siku moja.

Jotham alijishika kichwa. "Ala! Nilihesabu vitanda. Sikuhesabu watu."

"Si tutatundika shuka katikati?" Priscilla akasema.

"Tangu lini shuka likawa ukuta?"

"Mama, hapa ni Uingereza," Jotham akajaribu.

"Najua ni Uingereza. Ndiyo maana nimevaa soksi mbili."

Walicheka, hata Eddie. Halafu Eddie akakohoa kidogo, akamgeukia mkewe, kwa maana neno la kwenda kwa mama mkwe alilipitisha kwake kila mara. "Mwambie Mama asisumbuke. Wiki hiyo nina zamu. Nyinyi nendeni na watoto, mimi nitaangalia nyumba."

Maureen aliuma mdomo. Zamu gani? Alhamisi alikuwa amempigia mama yake simu kumwambia kwamba Eddie ameomba likizo ya wiki ambayo shule zitafungwa na amepewa, likizo ya kwanza baada ya miaka mitatu. Sasa mtu huyo alikuwa anairudisha likizo yake kimya kimya, kama mtu anayempisha mzee kiti kwenye basi.

Hilo ndilo lililomkosesha Zipporah usingizi. Alimkumbuka Eddie majira ya baridi Maureen alipolazwa kabla ya kumzaa kitindamimba. Yeye Zipporah alipanda basi la 140 kila asubuhi kwenda Hayes kuwapikia watoto, na kila jioni alirudi Harrow, kwa kuwa hakuweza kulala kule. Na kila jioni Eddie, kabla ya kwenda kazini, aliubeba mkoba wake hadi kituoni, akitangulia hatua kumi mbele, asitembee naye bega kwa bega. Aliuweka mkoba kwenye benchi, akasogea pembeni, akasimama kwenye mvua mpaka basi likaondoka. Hakukosa siku hata moja.

"Abaki nyumbani kama askari wa zamu?" Zipporah aliiambia dari. "Haiwezekani. Tutakwenda wote, au mimi ndiye nitakayebaki. Na mimi sibaki."

Saa mbili kamili alikaa ukingoni mwa kitanda, miwani puani, kijitabu mapajani, akapiga nambari iliyoandikwa nyuma ya kijitabu hicho. Msichana aliyejibu alikuwa na Kiingereza cha kaskazini, lakini alikuwa mvumilivu. Zipporah alimweleza kwa Kiingereza chake cha miaka mingi ya kufanya usafi hospitalini: anahitaji nyumba ya pili, ndogo, karibu na ile kubwa.

Hakukuwa na nyumba. Wiki hiyo ilikuwa imejaa tangu Juni.

"Watu hughairi?" Zipporah akauliza.

"Wengine hughairi, ndiyo. Lakini zikirudi huchukuliwa mapema sana."

"Mnafungua simu saa ngapi?"

"Saa mbili, mama."

"Basi kesho saa mbili."

Jirani wa juu, Mzee Mohinder, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, alimkuta siku ya nne kwenye ngazi na kijitabu mkononi. Akapiga kelele kwa furaha. "Mama Jotham! Hii mahali mimi nimeenda na wajukuu! Mwaka jana!" Akapanda kwake mbio, kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, akarudi na ramani ya msitu ule, imekunjwa mpaka imechakaa. Akaitandaza juu ya ngazi.

"Angalia. Nyumba iko kidogo kidogo, kama familia. Hapa nne, hapa tano. Wewe usiulize nyumba yoyote tu. Watakupa ng'ambo ya ziwa, utembee mpaka kesho. Uliza kwa nambari."

Wakaitafuta nyumba ya Jotham, 214. Nyuma yake, ng'ambo ya njia nyembamba, palikuwa na kibanda cha watu wawili, 217.

"Hiyo," Zipporah akasema.

"Kama hawataki kukupa?"

"Watachoka kabla yangu."

Mohinder akatikisa kilemba. "Wewe iko na kichwa ngumu sana." Akamwachia ramani, na jioni mkewe akamletea bakuli la dengu, bila kueleza sababu.

Akaendelea kupiga. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Alifahamu kwamba msichana yule anaitwa Gillian, kwamba ana mafua yasiyoisha, na akamwelekeza achemshe tangawizi na ndimu. Jotham alikuja siku moja, akamkuta na simu sikioni. "Mama, hebu niache nipige mimi."

"Wewe ulishapiga mara moja, tukaona."

"Lakini Eddie mwenyewe amesema yuko tayari kulala ndani ya gari!"

"Oktoba? Umwambie Beryl nini, baba yake ameganda?" Kisha akaona uso wa mwanawe, akalainika. Jotham alikuwa ameipanga safari hii kwa mapenzi, na kosa lake lilikuwa linamla. "Baba, ulifanya vizuri. Bado kidogo tu. Nipashie hiyo chai."

Asubuhi ya kumi na saba Gillian hakungoja hata asalimiwe. Nyumba ya watu wawili imepatikana! Lakini ilikuwa upande wa pili wa ziwa.

Mtu mwingine angeshukuru na kukata simu. Zipporah alishukuru, akaichukua, kisha akauliza, "Na 217 ina nani?"

Gillian akapekua orodha yake. Wako watu wawili, mume na mke.

"Wanapenda ziwa?"

"Sijui, mama. Haturuhusiwi... Mbona lazima iwe hiyo?"

Hapo Zipporah akamwambia. Hakuwahi kumweleza mzungu jambo hilo, akiogopa watacheka. Alimweleza habari za Eddie, mkoba, hatua kumi na mvua. Alimweleza kwamba yeye anaishi chumba kimoja, kitanda kinaonekana tangu mlangoni, nacho mkwe hapaswi kukiona, kwa hiyo katika miaka kumi na miwili mkwe wake hajawahi kuingia kwake akala hata tonge moja. Alieleza mpaka akaishiwa na Kiingereza.

Gillian hakucheka. Alipenga kamasi, akaomba apewe siku mbili.

Siku mbili zile Zipporah hakupiga simu, na mikono yake haikujua ifanye nini. Alifua pazia. Alipanga unga, majani ya chai na blanketi ndani ya sanduku, akapangua, akapanga tena. Alimpigia Maureen akamwagiza amwambie mumewe asirudishe likizo.

"Na nyumba isipopatikana?"

"Mwambie nimesema."

Siku ya tatu, saa mbili na dakika tano, simu ililia yenyewe. Gillian alikuwa amemwendea mkubwa wake, na mkubwa wake akawaandikia wale mume na mke. Walifurahi mno kupewa nyumba inayotazama ziwa. 217 ilikuwa ya Zipporah. Alishika simu kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie," alisema kwa Kiswahili, na Gillian akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna shida.

Kwa hiyo wote kumi na wawili walikwenda. Watoto waliendesha baiskeli hadi wakawa matope matupu, Jotham alianguka nayo mara mbili mbele ya mkewe, na usiku kila mtu alilala mahali pake. Maureen alivuka njia asubuhi na mapema akiwa na nguo ya kulalia na koti juu, akanywa chai kitandani kwa mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulipata tangu aolewe.

Siku ya pili, mchana, Zipporah aliwaagiza Maureen na mumewe waje. Kibanda kilikuwa na sebule na chumba cha kulala, na chumba kile kilikuwa na mlango. Aliufunga, akaujaribu kwa mkono kuhakikisha, akarudi jikoni kusonga ugali.

Eddie alikuja amevaa koti na tai, humo msituni, ameshika kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai kwa mikono miwili. Alisimama nje kwenye majani makavu, hakubisha, mpaka Zipporah alipomwita.

"Karibu, Baba Beryl. Ingia ndani."

Alikaa kwenye kiti alichowekewa karibu na dirisha. Maureen alinawisha mikono. Kuku mzima alikuwa amekatwa kama wanavyokatwa nyumbani, na firigisi, fungu la mgeni wa heshima, Zipporah aliiweka juu kabisa, kwenye sahani ya mkwe wake, pale inapostahili kuwekwa. Eddie aliiona. Kisha akala, polepole, mpaka ugali ukaisha, na Maureen akaona mumewe anafuta macho kwa mgongo wa mkono, akajifanya anatafuta chumvi.

Walipoinuka kwenda, Eddie alisimama kizingitini, macho chini. Safari hii hakumgeukia mkewe.

"Asante, Mama. Nimeshiba."

"Hujashiba," Zipporah akasema. "Kuku mmoja ni nini? Bado tuna siku mbili hapa, na mlango sasa unaujua. Kesho uje tena, mwanangu. Uje mapema, uje na watoto."