Sauti ya Ramla

Tangu utoto watu walishindwa kututofautisha kwa sauti, mimi na mdogo wangu Ramla. Hata marehemu baba, akiitikiwa kutoka uani, aliuliza ni yupi kati yetu. Kwa hiyo Ramla alipofia hospitalini Kinshasa na kuzikwa huko huko, alasiri ile ile, nilijua la kufanya kabla machozi hayajanikauka. Kaka yetu Djuma, aliyemsindikiza, alirudi na simu ya marehemu. Niliificha ndani ya foronya, stoo.

Malika, mtoto wa Ramla, ana miaka tisa. Nami nilikuwa na miaka tisa mama yetu alipofariki. Shangazi mmoja alinitamkia habari hiyo barabarani, ndoo ya maji ikiwa kichwani, na tangu siku hiyo sikucheza tena. Niliapa Malika hatapata siku kama ile. Acha awe mtoto mpaka mwaka wa shule uishe, basi. Nikawaita watu wa nyumba na majirani wote wa hapa Kabondo, nikawaambia: atakayefungua mdomo atanitambua. Matanga tulifanyia kwa Djuma, mtaa wa Mangobo, kimya kimya. Waliobandika picha ya Ramla kwenye statasi zao za WhatsApp niliwapigia mmoja mmoja waifute. Binamu yetu Abdulhamid nilimtukana vibaya, na mpaka leo hanisalimii.

Kisha nikaanza kumtumia Malika ujumbe wa sauti kutoka simu ya mama yake. Yeye alikuwa na kasimu kadogo alikoachiwa ili wawe wanazungumza.

"Malika wangu, dawa zinaendelea. Umekula? Umesoma masomo yako?"

Naye alijibu kwa furaha: amepata nane kwa kumi ya hesabu, jino limetoka, mama mukubwa ameunguza tena mboga ya pondu. Nilicheka peke yangu mle stoo, halafu nikauma kitenge nisisikike nikilia. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Kwa dakika moja Ramla alikuwa hai kinywani mwangu.

Tena nilijisifu. Watoto wa siku hizi simu zinawaonyesha kila kitu, maiti na watu uchi, kabla hawajajua hata kufunga kamba za viatu. Huyu wangu, nilimwambia Djuma, simu ndiyo inayomlinda. Djuma alitikisa kichwa tu, nikamwona mjinga.

Jana baada ya adhuhuri mvua ilishuka juu ya bati kwa fujo. Nilikuwa stoo, kidole kwenye kitufe, nimeshasema "Malika wangu," mlango ukafunguliwa. Malika alisimama pale na sare ya shule, ameloa chapa.

"Mama mukubwa, ngoja mvua iishe kwanza," aliniambia polepole. "Iko nasikika ndani ya ujumbe."

Nilificha simu nyuma ya mgongo. Mimi, mtu mzima, kama mwizi wa sukari.

"Hapana kuficha. Nilijua sauti yako tangu siku ya kwanza. Mama haniulizaka masomo."

"Malika, nani alikuambia?"

"Niliona picha kwa statut ya tonton Abdulhamid. Basi nilijua amekufa. Lakini mama aliniambia mbele, kabla ya kufa."

Alitoa simu yake, akanionyesha ujumbe uliotoka kwa namba nisiyoijua. Ni ya muuguzi, alisema. Mama yake alitumia simu ya huyo ili mimi nisiukute ujumbe kwenye yake. Akabonyeza.

Ramla alikuwa anahema. Sauti ile haikufanana na yangu hata kidogo.

"Malika, mama hatarudi. Daktari ameniambia. Usimwambie mama yako mukubwa, yeye hataweza. Muache afanye vile anataka. Umuchunge."

Sekunde kumi na tisa tu. Wiki sita mtoto huyu alikaa nazo. Aliamka, akaenda shule, akanijibu kwa furaha aliyoitunga mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameagizwa anilinde. Hata lile jino, sijui kama lilimfurahisha kweli. Nilimwonea uchungu mpaka nikamchukia mdogo wangu aliye kaburini, Mungu anisamehe.

Nilikaa juu ya gunia la unga. Nilitaka kumkumbatia. Yeye ndiye aliyenikumbatia, akanipigapiga mgongoni vile watu wazima wanavyofanya msibani. Hakulia.

"Iweke tena," nilimwomba. "Nimsikie tena, Malika."

Alizima simu, akaitia mfukoni mwa sketi.

"Hapana, mama mukubwa. Ni mara moja kwa siku. Miye pia nasikiaka mara moja tu, juu ukizidisha hauwezi tena kufanya kitu." Alinifuta uso kwa kiganja chake kilicholowa. "Kesho, ukikula muzuri, nitakuwekea."