Ng'ombe wa Kwenye Simu

Scola alikuwa jikoni anapalia wali makaa, lakini masikio yake yote yalikuwa barazani. Huko babu yake, mzee Manyanda, alikuwa amekaa na wageni wawili kutoka Mpanda mjini: Kelvin, mchumba wa Scola, na Zefania, mjomba wa Kelvin na mshenga wake. Walikuwa wamekuja Majimoto kwa pikipiki, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope, na jambo walilolileta lilimkata Scola maini. Walikuwa wanaomba harusi isogezwe tena.

Mahari ilikuwa imebaki ng'ombe wanne tu. Pesa ya kuwanunua Kelvin alikuwa nayo, ila haikuwa mfukoni. Fundi simu huyu alikuwa ameiweka, kupitia simu yake, kwenye mfuko wa uwekezaji unaonunua hisa za kampuni za ng'ambo zinazotengeneza chipu, vile vidude vidogo ambavyo bila hivyo simu ni kopo tu. Tangu dunia ianze kukimbilia akili bandia, bei ya hisa hizo ilikuwa inapanda tu.

"Mzee, nikiuza leo nitajuta," Kelvin alisema. "Wataalamu wengi wanasema neema hii ina miaka miwili mbele."

"Wengi. Na wale wachache wanasemaje?"

"Wanasema viwanda vitajengwa vingi kupita kiasi, chipu zitajaa sokoni, bei itaanguka. Ila hao ni waoga, mzee."

"Mwaka jana ulituambia mpaka masika," alidakia Nyanzala, bibi yake Scola, ungo wa mchele mapajani. "Masika yamekuja yamepita, na huyu mjukuu wangu bado yuko hapa ananimalizia sukari."

Wote wakacheka, isipokuwa Scola. Miaka miwili aimalizie wapi?

Manyanda alitafuna kijiti chake cha mswaki, akatema pembeni.

"Mkwe, sisi mtu mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Wangu wengine wako kijiji cha Mwamkulu, rafiki yangu Mwandu ananichungia. Sasa tusisumbuane. Hao wanne hesabu nimeshapokea, harusi iendelee. Wabaki humo humo kwenye simu, unichungie."

Zefania nusura asimame kumpa mkono. Huko jikoni Scola alishika mwiko kifuani.

"Ila masharti ya kuchungiana ni yale yale," mzee aliendelea, taratibu kabisa. "Wakizaa, ndama ni wangu. Wakifa, uniletee ngozi niione kwa macho. Usipoleta ngozi, unalipa."

"Ngozi ya hisa, mzee?" Zefania aliuliza. "Tutaichuna wapi?"

"Hiyo mtaijua nyie watu wa mjini."

Scola akatoka na birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Kelvin kumnawisha. Furaha ilikuwa imemjaa, lakini hakutaka kuanza ndoa akiwa na mume anayedaiwa na babu yake.

"Hao wa babu," alimuuliza kwa sauti ya chini, "utawachunga mpaka lini? Miaka miwili?"

Kelvin alinawa. Akanawa tena. Maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Hao... hao bora niwauze Jumatatu."

"Si umesema itapanda?"

"Itapanda. Lakini ng'ombe wa mkwe, Scola. Nitalalaje?"

Nyanzala alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Kumbe wakiwa wake ni miaka miwili, wakiwa wa watu hawafiki hata wiki!"

Hata Manyanda mabega yalimtikisika. "Uza ukanunue wenye kwato," alisema. "Hisa zitakazobaki ni zako, chunga unavyotaka."

Kelvin aliuza. Pesa ilipotoka alikwenda mnadani, na Ijumaa iliyofuata ng'ombe wanne wakaingia Majimoto wakipigiwa vigelegele. Mmoja, dume jekundu, aligoma mlangoni pa zizi. Kelvin alikuwa anamsukuma kwa bega, shati jeupe limeshaharibika, Zefania alipomnong'oneza, "Mjomba, chipu zimepanda tena tangu uuze."

"Acha zipande. Nisaidie kusukuma huyu."

Dume likaingia kwa kishindo. Manyanda alilizunguka, akalipapasa nundu, akawatazama wale wengine watatu mmoja mmoja bila haraka. Kisha akawageukia watu.

"Jumamosi ijayo," alisema. "Atakayechelewa atakuta pilau limekwisha."

Scola alikuwa ameshamshika bibi yake mikono, wanacheza.