Faida ya Mayai Yaliyovunjika

Mimi nauza mabeseni sokoni, na mdomo wangu unajulikana mpaka kwa wauza mchele. Mdogo wangu aliuza mayai meza ya tatu kutoka yangu. Yeye alikuwa mpole mno; akipunjwa chenji, yeye ndiye anayeomba radhi. Soko zima lilimwita Trei.

Mwaka jana nilimpeleka kwenye mfuko wa mitaji wa msikitini, ule usiotoza riba. Hawakumkopesha, waliingia naye ubia: mtaji wao, kazi yake, faida wagawane kila mwezi. Mhasibu, kijana wa miwani, akaanza kutueleza habari ya hasara. Jua lilikuwa kali na mabeseni yangu nilikuwa nimemwachia mtu nisiyemwamini. Nikamkatiza.

"Tumeelewa, mwanangu. Lete karatasi atie sahihi."

Mlangoni nikamshika mdogo wangu mkono. "Nimekudhamini mimi. Hela hii ni ya waumini. Ukinitia aibu, usinijue."

"Sitakutia aibu, dada."

Mwezi wa nne gari lililoleta mayai yake lilitumbukia shimoni. Trei sitini zikawa uji. Nilimsaidia kuosha machache yaliyopona, nikimtania kwamba leo nzi wa soko wamealikwa. Nikamuuliza watu wa mfuko watasemaje. Akasema keshamalizana nao. Nikaridhika, maana kila mwisho wa mwezi nilimwona akienda ofisini na bahasha yake, na watu wakanisifu kwa kudhamini mtu mwaminifu. Nikavimba kichwa.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari, wa sindano asubuhi na jioni. Akaanza kukonda. Nikamwambia apunguze kufunga Jumatatu na Alhamisi, pepo haina mlango mwembamba hivyo. Akacheka. Mwezi wa nane alianguka kando ya meza yake. Hospitali alilala usiku mmoja tu.

Siku ya nne baada ya maziko nilifungua kabati lake, nikakuta daftari. Mwezi wa nne, hasara. Wa tano, hasara. Wa sita na wa saba, hasara. Na chini ya kila mwezi, kwa mwandiko wake mdogo: "Faida ya mfuko nimetoa kwenye hela ya sindano. Jioni nitaruka."

Nilibeba daftari na akiba yangu yote, nikaenda kulipa deni la marehemu. Mhasibu alisoma, akavua miwani.

"Mama, hana deni. Mali ikiharibika bila uzembe wake, hasara ya mtaji ni yetu. Yeye angepoteza jasho lake tu." Akalifunga daftari. "Ndiyo niliyokuwa nawaeleza siku ile."

Siku ile. Nililia mbele yake bila haya, nikimwita mdogo wangu kwa jina alilopewa na mama.

Akafungua sanduku, akanisogezea bahasha. "Hii ya miezi minne haikuwa faida. Haturuhusiwi kuila. Ni ya warithi wake."

Njiani nikajikuta ndani ya duka la dawa. Nikaulizia sindano zake, sijui kwa nini. Muuzaji akahesabu zile hela za bahasha mara mbili.

"Zinatosha miezi miwili kamili, mama, asubuhi na jioni. Nikufungie?"

Mdomo wangu wote ule ukaanza kuhesabu jioni alizoruka, moja moja.