Njano Usiiguse

Ndani ya simu ya mjukuu wangu Sostenes mlikuwa na wanaume wanane wa mashindano ya baiskeli. Mchezaji hakanyagi pedali. Kazi yake ni kuwatuma: nani akae mbele akate upepo, nani anywe maji, nani atunze nguvu za mlimani. Sostenes aliwatuma siku ishirini, amelala chali wodini mjini Dodoma. Siku ya ishirini na moja ndiyo ya mwisho, na mtu wake mmoja, aliyempa jina Mbwana, alikuwa akiongoza kwa dakika moja na nusu.

Siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, ndiyo waliyopanga madaktari kumkata mguu.

"Mke wangu," akaniita, maana ndivyo tunavyotaniana tangu alipokuwa mdogo, "mchezo huu saa nne unaanza, uwepo usiwepo. Utanichezea."

"Mimi, mume wangu? Na darasa langu la saba, na macho haya?"

"Rangi unazijua. Kijani, wasonge. Bluu, wanywe maji. Njano, wasubiriane. Njano usiiguse."

"Na mtu akianguka?"

"Aachwe. Nikiamka sina mguu, nataka nikute angalau nimeshinda kitu."

Nikataka kumchangamsha. "Kitendawili."

"Tega."

"Wanangu wawili hufukuzana kutwa, hawakamatani."

"Magurudumu ya baiskeli! Hicho umenitegea tangu niko darasa la kwanza." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa nane.

Mwezi huo yeye na rafiki yake Msafiri walikuwa wakitoka Hombolo kupeleka zabibu mjini, kila mmoja na tenga lake nyuma ya baiskeli. Lori likawagonga, likaenda. Wakalala kando ya lami mpaka jua likafika utosini, zabibu zimetapakaa, magari yakipunguza mwendo, yakitazama, yakipita. Saa nzima ya kwanza Msafiri alikuwa hai, anaomba maji. Sostenes alinisimulia mara moja tu.

Saa nne wakamsukuma ndani. Nikakaa kwenye benchi la koridoni, simu juu ya kanga, nikabonyeza kijani.

"Shikamoo bibi," nesi akasema. "Kumbe na wewe unacheza gemu?"

"Marahaba. Nafanya kazi ya mtu."

Tukaenda vizuri. Nikawanywesha maji, nikawapandisha mlima. Zilipobaki kilomita kumi na mbili, mmoja akaanguka, na jina lake likatokea kwenye kioo: Msafiri. Sostenes hakuwa ameniambia. Alilala pale kwenye lami, mdogo kama siafu, wenzake wanampita.

Najua ni picha. Sijawa mjinga kiasi hicho. Lakini kidole kilikwenda chenyewe kwenye njano.

Saba wote wakasimama. Msafiri akainuka taratibu, akapanda. Wakafika wanane pamoja, nyuma kwa dakika nne, na Mbwana akawa wa tisa.

Jioni Sostenes akafumbua macho. Upande mmoja shuka lilikuwa limelala bapa.

"Mke wangu. Tumeshinda?"

"Hatukushinda. Msafiri alianguka. Nikawasimamisha wote wamngoje."

Akatazama dari. "Nilikwambia njano usiiguse."

"Uliniambia."

"Siku ishirini, bibi."

Utani wa "mke wangu" ukawa umekwisha. Nikampangusa jasho, hakunizuia, hakunitazama. Baadaye, kwa sauti iliyokauka, akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Walikwenda wawili, ikarudi nusu."

Jibu lilikuwa mbele yangu, kitandani.

"Nimeshindwa," nikasema. "Chukua mji."

"Mji gani?"

"Hombolo."

Kwetu mwenye kitendawili akishapewa mji hutoa jibu. Nikangoja. Sostenes akageukia ukutani, na simu ikabaki mapajani mwangu, inawaka na kuzima, mpaka chaji ikaisha.